Baruti kwa Matone

Saa nane na robo usiku. Wadi ya moyo, ghorofa ya tatu.
Nairobi nje ya dirisha imebaki taa nyekundu za minara ya simu,
zinapepesa kama mtu aliyekosa usingizi.
Kitanda namba nne: Mbithi Kyengo, miaka sabini na moja,
ameletwa kutoka Njiru kwa pikapu ya maziwa ya jirani,
amekumbatia kifua kama anayeficha mkate wa wizi.

Kabla sijafungua dawa nina swali moja, na mkewe yuko papo hapo,
Syombua, mkoba mapajani, viatu havikufanana kwa haraka ya kutoka.
"Mzee, siku hizi mbili tatu, umemeza kidonge chochote
cha... kuongeza nguvu za chumbani?"
Kimya.
Mashine ikatuhesabia kimya hicho, pigo kwa pigo.
Aliyejibu ni mama: "Angemeza, ningejua."
Na mzee, pamoja na maumivu yake yote, akacheka kwa pua.

Basi nikatundika chupa. Ya kioo,
maana dawa hii hung'ang'ania plastiki
kama mgeni na kiti cha mwenye nyumba,
mgonjwa akaambulia maji matupu.
Mikrogramu tano kwa dakika. Ngoja. Pima.
Kumi. Ngoja. Pima.
Mia na sitini na mbili. Mia na hamsini na moja.
Ikikaribia tisini nasimamisha pampu,
kwani anayelegeza kamba bila kuangalia
huangusha mzigo na punda.

"Hii yaitwaje?"
Barakoa ya oksijeni ilimfanya asikike kama redio chini ya blanketi.
Nikamtajia: naitrogliserini.
Akafumbua jicho moja.
"Hiyo si dawa, binti. Hiyo ni baruti."

Mwaka wa sabini na sita, akasema, timbo letu,
tulibeba vijiti vile kwa mikono mitupu,
tunachokoa mwamba, tunashindilia, tunakimbia.
Jumatatu kichwa kilipasuka kabla ya jiwe.
Msimamizi akasema ni pombe ya Jumapili.
Pombe! Nami nilikuwa mlokole, naimba sauti ya nne.
Wajanja wakatufundisha: paka kidogo kwenye utepe wa kofia,
uivae hata siku ya mapumziko, mwili usisahau.
Nikapaka. Nikaenda nayo kanisani.

"Na sasa kichwa kikoje?"
"Kinauma." Akafumba jicho. "Kinauma vilevile.
Nilikitambua kabla hujanitajia jina."
Alisema hivyo kama mtu aliyekutana na mdai wake wa zamani
akamkuta amezeeka, ana adabu.

Nikampa panadoli mbili. Nikaongeza: ishirini.
Ningeweza kumweleza kwamba humu haivunji kitu,
kwamba huiambia tu mishipa: legea,
na damu ikirudi kidogo, moyo unasukuma kidogo.
Kwamba msuli uliokwisha kufa haufufui,
huuondolea gunia moja ule uliobaki.
Sikusema. Alikuwa akitazama tone linavyojikusanya,
linavyonenepa, linavyosita kwenye ncha,
kwa macho ya mtu aliyewahi kuhesabu utambi.

Mia na thelathini na nne.
Kifua? "Jiwe limekuwa kokoto."
Nikaandika saa, nikaandika namba, nikaandika neno kokoto
kisha nikalifuta, fomu haina mahali pake.

Akalala.
Kule kwenye kiti Syombua alikuwa amevua kiatu kimoja.
"Ile kofia," akasema, wala hakuwa akiniambia mimi,
"niliifua kila Jumamosi, miaka tisa, kwa mikono.
Nami kichwa kiliniuma.
Nikadhani ni ndoa."